Nusu Kaputi na Nusu Iliyobaki

Saa tisa na robo alasiri mlango wa thieta ulifunguka, akatoka kijana aliyevaa kofia ya kijani, akauliza, "Ndugu wa yule mama wa kizazi ni nani?" Tulikuwa sita kwenye benchi na sote tukasimama. "Ameamka," akasema, akarudi ndani. Baba mdogo akashusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi. Haikutimia nusu saa, wanne kati yetu walikuwa wamekwisha panda bajaji, hawa wa Ngamiani, hawa wa Chumbageni, kila mmoja akipiga simu njiani kuwaambia waliobaki nyumbani kwamba yamekwisha. Shangazi yangu alikuwa ametolewa uvimbe kwenye kizazi kwa usingizi kamili, na wiki nzima kabla ya hapo nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu: je, ataamka?

Aliamka. Baada ya muda wa saa kumi hivi alikuwa anakufa, na katika wodi ile hakuna aliyejua.

Nitaurudia usiku huo. Nianze na neno, kwa sababu nadhani neno ndilo linalotupoteza. Hapa Tanga ukimwambia mtu anestezia atakutazama. Mwambie nusu kaputi, atakuelewa papo hapo, na uso wake utabadilika. Wengi husema kaputi ni kaputt ya Kijerumani, yaani kilichoharibika, kilichokwisha, na katika mji ambao hospitali yake ya mkoa, Bombo, bado ina jengo la Wajerumani linalotazama bahari, si ajabu neno hilo likaota mizizi. Nusu kaputi ni nusu ya kufa. Mtu anavuka nusu ya njia, kisha arudi au asirudi. Ndiyo maana familia nzima hukaa kwenye benchi ikingoja habari moja, na ikiipata huinuka na kuondoka. Neno limetufundisha kuogopa meza ya upasuaji. Halikutufundisha kuogopa kitanda cha wodini, na kitanda hicho ndicho kinachotuulia watu.

Wengi wetu hudhani mtaalamu wa usingizi kazi yake ni kulaza. Kulaza ni kazi ya dakika mbili. Dawa ikiingia mwilini haichukui fahamu peke yake. Inachukua kikohozi kinachozuia mate na matapishi yasiingie mapafuni. Inalegeza mishipa ya damu mpaka presha inashuka. Inapunguza pumzi au kuisimamisha kabisa, na inauvua mwili uwezo wa kujitunzia joto lake. Kazi zote hizo, ambazo mwili umezifanya tangu siku ya kuzaliwa bila kuombwa, zinahamia mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Daktari wa upasuaji anashughulika na kidonda. Huyu anashughulika na uhai. Upasuaji ukiisha, kazi zile hazimrudii mgonjwa zote kwa mkupuo. Macho hufunguka mapema. Nguvu ya kukohoa, pumzi ya kina, joto, mishipa kukaza tena, hivyo hurudi kwa zamu, saa baada ya saa, na dawa kali ya maumivu aliyochomwa inaweza kumzamisha upya mtu ambaye ndugu zake wameshaambiwa ameamka.

Kwa hiyo "ameamka" ni habari njema, lakini ni habari ya nusu.

Fani hii yenyewe ilijifunza jambo hilo kwa machungu. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston nchini Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa etha, dawa ya kulaza, mbele ya madaktari, akapasuliwa uvimbe wa shingoni bila kupiga kelele. Habari ikaenea duniani kwa kasi ya meli za wakati ule. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu, Januari 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener, kaskazini mwa Uingereza, akavutishwa klorofomu, dawa nyingine ya namna hiyo, ili ang'olewe ukucha wa mguu, akafa katika dakika chache. Ukucha. Tangu hapo waliobobea katika kazi hii wameitazama kwanza kama kazi ya ulinzi, na karibu kila hatua kubwa iliyofuata imekuwa njia mpya ya kulinda.

Hatua ninayoistahi kuliko zote ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Kijapani, alitangaza wazo lake mwaka 1974: kupitisha mwanga mwilini, kwenye sikio au kidole, na kutambua, kwa mapigo ya damu, ni oksijeni kiasi gani imebebwa. Kabla yake mtaalamu alingoja midomo na kucha za mgonjwa zibadilike rangi, na kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hiyo huonekana kwa kuchelewa. Kifaa hutoa mlio, na mlio hushuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka, hata anayechoma dawa akiwa ameinamisha uso husikia kwa sikio kwamba mambo yanaharibika.

Hapo sisi wa pwani tuna letu. Mwanamke anayefika hospitali siku chache baada ya harusi, vidole vimekolea piko nyeusi na kucha zimepakwa rangi nzito, anakipa kifaa kile kazi ngumu, maana mwanga unazuiwa kabla haujaifikia damu. Wauguzi wanaojua hubana kifaa kwenye ncha ya sikio au kidole kisicho na rangi. Wanawake wa nyumbani kwangu sasa nawaambia, mwenye tarehe ya upasuaji aache vidole viwili vya mkono bila kitu. Lipo jingine zito zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu ya weupe wa kuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona. Katika nchi ambayo karibu kila mgonjwa ni mweusi, namba ya kidoleni haiwezi kuachiwa kazi peke yake. Lazima mtu amtazame mgonjwa kifuani na kuhesabu.

Kuhesabu pumzi. Kifua kikipanda na kushuka ni moja. Unatazama saa, unahesabu dakika nzima, unaandika. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na pumzi huanza kubadilika mapema kuliko karibu kila kitu kingine: damu ikivuja ndani pumzi hupanda, maambukizi yakiingia hupanda, dawa ya maumivu ikizidi hushuka.

Sasa ule usiku.

Tulibaki wawili, mimi na binti wa shangazi. Wodi ilikuwa na sista mmoja wa zamu ambaye alihudumia na wodi ya pili upande wa pili wa ukumbi, kwa jumla vitanda zaidi ya 40. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anakimbia. Alikuwa na mgonjwa mwingine anayetapika, dripu tatu zilizokwisha, na mtoto wa mtu aliyekuwa akilia. Shangazi alikuwa akilalamika kiu na kusema anasikia baridi, nasi tukamfunika khanga ya pili, tukaona ni kiyoyozi cha thieta bado hakijamtoka. Alipoanza kuhangaika, anageuka huku na huku, tukadhani ni maumivu. Chati yake ilining'inia mguuni pa kitanda na niliisoma kwa mwanga wa simu. Saa kumi na mbili jioni, pumzi 20. Saa mbili usiku, 20. Saa nne, 20. Nilifarijika. Sikujua kwamba pumzi za binadamu hazikai sawasawa namna hiyo, na kwamba 20 ni namba ambayo mkono uliochoka huiandika wenyewe.

Kama saa saba na robo hivi akapita mwanafunzi wa uuguzi, binti mdogo, aliyekuwa zamu ya usiku kwa mafunzo. Akasema, "Shikamoo mama," na shangazi hakuitika. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akatazama saa ya mkononi, akakaa hivyo dakika nzima bila kusema neno. Akaandika 34. Akashika mapigo, 130. Presha, 84 kwa 50. Akamshusha kope la chini akamulika, palikuwa peupe kama karatasi. Akatoka mbio kumwita sista, viatu vikilia ukumbini.

Daktari alifika baada ya dakika 40. Mshipa ulikuwa umeachia ndani ya tumbo. Baadaye nilielewa kilichotudanganya: mtu mzima mwenye afya anaweza kupoteza hadi asilimia 30 ya damu yake kabla presha haijaporomoka. Mwili hubana mishipa, moyo hukimbia, pumzi hupanda, na presha husimama kiume mpaka dakika ya mwisho, kisha huanguka kama ukuta. Kiu, baridi, kuhangaika, vyote vilikuwa vikisema jambo moja, nasi tukavitibu kwa khanga.

Walimrudisha thieta. Mtaalamu wa usingizi, aliyeitwa kutoka nyumbani, alitumia ketamini safari hii. Ni dawa iliyotengenezwa mwaka 1962, iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1985, na nadhani hakuna dawa iliyowafaa maskini wa dunia katika upasuaji kuliko hii. Wakati dawa nyingi za usingizi huisukuma presha chini, ketamini kwa kawaida huishikilia, na mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe. Baba mdogo akarudishwa kwa bodaboda kutoa damu, na vijana wawili wa mtaani pamoja naye. Chupa tatu. Kulipokucha shangazi alikuwa hai.

Kwa miaka mingi ningeisimulia habari hii kama mkosi wa familia moja. Kisha nikakutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Madaktari wa Afrika walifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, kila hospitali kwa wiki moja. Wagonjwa wetu walikuwa vijana, wastani wa umri miaka 38 na nusu, na walikuwa na magonjwa machache kuliko wanaopasuliwa kwingine duniani. Hata madhara ya baada ya upasuaji hayakuwazidi wengine. Pamoja na hayo walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, asilimia 2.1. Na katika vifo hivyo, asilimia 94 havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea siku zilizofuata.

Soma tena hapo. Meza tunayoiogopa haikuwa na hata vifo sita katika kila mia. Vilivyobaki vilikuja siku zilizofuata, baada ya ndugu kuambiwa ameamka. Mgonjwa wa Kiafrika hakupata balaa kubwa kuliko la mgonjwa wa Ulaya. Alipata balaa lilelile, likachelewa kuonekana, na lilipoonekana hapakuwa na wa kulikabili. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, uchambuzi wa utafiti huohuo ulikuta vifo mara 50 ya nchi tajiri.

Nchi yetu haijalala. Tanzania ilitoa mpango wa taifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi wa mwaka 2018 hadi 2025, miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Vituo vya afya vimejengewa thieta ili mama asisafirishwe kilomita 100 kwa upasuaji wa dharura, mfumo wa m-mama unamfuata mjamzito mwenye dharura kwa simu namba 115, na takwimu za taifa zinaonyesha vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015 na 2016 hadi 104 kwenye ule wa 2022. Hizo ni roho za watu, na ni dalili kwamba tukiamua tunaweza. Hoja yangu ni kwamba fedha na macho yetu yameishia mlangoni. Thieta huzinduliwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya zamu ya usiku.

Hata kazi bora iliyowahi kufanywa juu ya usalama wa upasuaji nayo inaishia mlangoni, na katika kazi hiyo nchi yetu ina fahari yake. Shirika la Afya Duniani lilipotunga orodha ya ukaguzi ya mambo 19 mwaka 2008, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa ya Ifakara. Timu inasimama mara tatu: kabla ya kulaza, kabla ya kukata, kabla ya mgonjwa kutoka. Jina lake nani, anapasuliwa wapi, dawa gani inamdhuru, damu ipo? Matokeo yalipotoka Januari 2009 vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Swali la mwisho la orodha hiyo ndilo ninalolipenda: ni mambo gani yanatutia wasiwasi katika kupona kwa mgonjwa huyu? Swali zuri mno, na mara nyingi jibu lake hubaki palepale thieta. Kwa shangazi, nina hakika mtu fulani ndani alijua kwamba uvimbe ulikuwa mkubwa na kwamba alikuwa ametoka damu nyingi. Sista wa usiku hakujua. Angejua, kitanda kile kingekuwa cha kwanza kutazamwa kati ya 40.

Atakayesema dawa ni kuwaambia wauguzi watazame zaidi, nina habari ngumu kwake. Watafiti walewale wa ule utafiti wa nchi 25 walilijaribu hilo. Katika hospitali 332 za Afrika, baadhi ziliombwa kuwatambua wagonjwa walio hatarini na kuwapa uangalizi wa ziada: kupimwa mara nyingi, kitanda kiwekwe mbele ya meza ya wauguzi, ndugu aruhusiwe kukaa, mwongozo uwekwe pembeni ya kitanda. Matokeo ya mwaka 2021 yakaonyesha vifo havikupungua. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu yalikuwa ndiyo mapendekezo niliyotaka kuandika.

Nimeyafikiria sana, na nasoma matokeo hayo hivi. Kumwambia muuguzi mmoja mwenye vitanda 40 atazame zaidi ni kumwongezea ndoo aliyekwisha beba mbili. Na kutazama bila wa kuitika ni kuhesabu tu mtu anavyokufa. Usiku wa shangazi ulihitaji vitu viwili vifuatane: binti aliyehesabu, kisha daktari, mtaalamu wa usingizi, thieta wazi na damu. Kingekosekana kimoja katika hivyo, namba 34 ingebaki wino kwenye karatasi. Kwa hiyo anayetaka kupunguza vifo hivi alipie vyote viwili pamoja. Nusu yake haifai.

Kulipia maana yake ni watu, na hesabu ya watu inaogopesha. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 iliweka lengo la wataalamu 20 wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa wa Tanga watu 2,615,597. Kwa lengo hilo mkoa wetu ungekuwa na mabingwa zaidi ya 520. Ule utafiti wa nchi 25 ulikuta nchi ya kati ina wataalamu 0.7 tu kwa kila watu 100,000; kwa kiwango hicho, mkoa wenye watu kama wetu, kuanzia Lushoto hadi Pangani, ungekuwa na 18 hivi. Hao 500 hawatapatikana kwa miaka mitano. Ndiyo maana nchini kwetu kazi ya kulaza imebebwa kwa muda mrefu na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, na wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Mgonjwa humjua daktari aliyempasua, humletea kuku na machungwa ya Muheza. Aliyempumulia saa tatu hamjui hata kwa sura.

Muuguzi husomeshwa kwa muda mfupi kuliko bingwa, na hapo ndipo ningeweka fedha ya kwanza. Wauguzi wawili wa ziada kwa zamu ya usiku katika wodi ya upasuaji. Chumba cha kuamkia kiwe chumba kweli, chenye oksijeni, kifaa cha kidoleni na mtu asiyeondoka, pasiwe kona ya ukumbi. Tangu mwaka 1970 kuna kipimo cha Aldrete, alama 10 kwa mambo matano: anasogeza viungo, anapumua vizuri, presha yake, fahamu zake, oksijeni yake, ambayo mwanzoni ilikadiriwa kwa rangi ya ngozi. Chini ya 9 mgonjwa kwa kawaida hatoki. Na wodini pabandikwe ukutani vipimo vya kuitia daktari, mfano wa vile wanavyotumia Uingereza tangu mwaka 2012: pumzi zikifika 25 au zikishuka hadi 8, namba ya juu ya presha ikishuka hadi 90, muuguzi anapiga simu na daktari anakuja, na ni mwiko kumkaripia aliyepiga hata kama mgonjwa atakutwa mzima. Yule mwanafunzi aliniambia baadaye kwamba aliogopa kumwamsha mkubwa. Aliogopa, akaenda. Mwingine angeogopa akabaki.

Maumivu nayo. Wengi kwetu huona kuvumilia maumivu baada ya upasuaji ni ushujaa, na wapo watumishi wanaoona hivyohivyo. Mwenye kidonda cha tumbo asiyepewa dawa ya kutosha hapumui kwa kina wala hakohoi, makohozi yanaganda mapafuni, na siku ya tatu anapata nimonia. Mpe dawa, umketishe, mkunjie khanga aikumbatie tumboni, akohoe. Hilo ndugu anaweza kulifanya vizuri kabisa.

Yapo yetu mengine sisi ndugu, na moja limeniudhi siku nyingi. Mgonjwa anaambiwa asile, bibi anamwonea huruma, anampitishia uji kwenye chupa ya chai alfajiri. Sheria ya kufunga ni saa sita kwa chakula, saa nne kwa mtoto wa maziwa ya mama, saa mbili kwa maji matupu. Uji ni chakula. Ukiwa tumboni wakati kile kikohozi cha ulinzi kimezimwa, unapanda kooni na kuteremka mapafuni, na asidi ya tumbo huunguza mapafu. Hospitali nazo zina lao hapa: mtu anafungishwa tangu saa mbili usiku, anaingia thieta saa nane mchana, koo limekauka na presha imeshuka. Bibi angeambiwa kwamba maji yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla, na akaambiwa saa yenyewe, asingeficha kitu.

Kuhusu sindano ya mgongo, ile ya ganzi ambayo akina mama wengi hupewa wakati wa kujifungua kwa upasuaji, kwamba humwachia mtu mgongo mbovu maisha yake yote: tafiti hazikulithibitisha hilo. Kuumwa kichwa siku chache baadaye kupo, na sindano nyembamba hukupunguza. Hatari yake halisi ni presha kushuka ghafla dakika za mwanzo, kwa sababu mishipa ya miguu na tumbo hulegea, na ndiyo maana mama hulazwa ameinamishwa kidogo upande wa kushoto na kupimwa kila mara. Mama aliyekataa sindano hii kwa kuogopa mgongo huishia kwenye usingizi kamili, ambao kwa mjamzito una hatari zaidi. Kliniki ya wajawazito ndiyo mahali pa kulizungumza, wiki kadhaa kabla, wala si mlangoni pa thieta huku uchungu umeshika.

Shangazi aliruhusiwa siku ya tisa. Kabla ya kutafuta bajaji alitaka kumwona yule binti, nasi hatukuwa tunalijua hata jina lake. Tukaelekezwa wodi ya watoto, alikohamishiwa kwa mafunzo. Tulimkuta ameinama kwenye kitanda cha mtoto mdogo, kiganja kifuani, macho kwenye saa. Shangazi akafungua mdomo kumsalimia. Binti akainua kidole, tungoje, akaendelea kuhesabu, na tukasimama pale mlangoni mpaka dakika ikaisha.